Fundi baiskeli wa Mitundu niliyemcheka

Wadau, kuna mzee mmoja huku kwetu Mitundu, jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe amenikataza. Ila nilivyomkosea lazima niseme.

Tukiwa wadogo tulimjua kama fundi baiskeli. Kazi ikiisha anapindua debe, anaanza kuligonga kwa vidole: mapigo matatu, kimya kidogo, kisha mawili. Jioni nzima hivyohivyo. Siku moja redio ikapiga dansi la zamani, mzee akasema, "Hiyo tumba ni mimi." Tulicheka mpaka basi. Fundi wa pancha, ndani ya redio! Mimi ndiye niliyecheka zaidi, na nikampa jina la utani lililomganda miaka.

Baadaye nikaenda Dar, nikapata kazi ya kubeba vyombo kwenye bendi moja ya dansi. Mpiga besi wao, mtu mzima, aliposikia natoka upande wa Itigi akaniuliza, "Huko si ndiko kwao fulani?" Akataja jina la jukwaani la mzee wetu. Niliishiwa maneno. Kumbe enzi za ujana mzee alipanda treni Itigi akaenda Tabora, wakati mji ule unatamba na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ndipo baadaye akateremka Dar. Na hakuwa mpiga tumba tu, ndiye aliyekuwa akizipanga nyimbo. Nota hajui hata moja. Alikuwa anaimba kwa mdomo: trampeti iingie hapa, saksafoni ijibu hivi, besi iache nafasi pale, mpaka kila mtu ameshika kipande chake.

Nilipokuja likizo nilikwenda moja kwa moja kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mbeba spika." Habari zilishamfikia.

Nikamwomba radhi. Akacheka, akaanza kunihadithia santuri za GV. Hizo HMV walianza kuzitoa mwaka 1933, zimejaa muziki wa Kuba, zikauzwa huku Afrika. Wazee wetu Kihispania hawakukijua, ila mapigo waliyaelewa mara moja, maana yalivuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani. Ndiyo maana bendi ya Salum Abdallah, ya Morogoro kabisa, iliitwa Cuban Marimba. Na yale matatu-kwa-mawili ya kwenye debe ndiyo uti wa mgongo wa muziki huo.

Nikamsimulia habari za Tito Puente, aliyezaliwa New York mwaka 1923, mpiga ngoma na mpangaji muziki kama yeye. Huyo alizitoa ngoma zake nyuma akazileta mbele ya jukwaa, watu wamwone. Hata hivyo, wimbo wake Oye Como Va wengi waliujua baada ya Santana kuurekodi mwaka 1970, wakadhani ni wa Santana. Mzee akatikisa kichwa. "Na huyo alikaa mbele," akasema. "Sisi tuliokaa nyuma je?"

Akanionyesha santuri moja aliyoitunza kwenye gunia. Jina la bendi lipo, jina la mtunzi lipo. Lake halipo. Muziki ulimlipa mshahara wa mwezi, mshahara ulipokatika akarudi nyumbani kuziba pancha.

Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Usinitaje. Waambie tu kwamba tumba haikujipiga."

Mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu alipopata kiharusi. Siku ile alipindua debe, akapiga matatu kwa mkono wa kushoto, akanitazama nimalizie mawili. Nikawahi. "Subiri," akasema. "Hicho kimya nacho kinahesabiwa." Tukarudia mpaka giza likaingia, na bado sijaipata sawasawa.

Basi wadau, kama kijijini kwenu kuna mzee anayegongagonga meza na kusema zamani alikuwa mwanamuziki, msimcheke. Muulizeni alipiga chombo gani, na nani, wapi, mumrekodi kwa simu angali anakumbuka. Mimi wangu nilimpata mkono mmoja umeshalala.