Sherehe ya Ijumaa Mjini Berlin

Wiki iliyopita alikuja ofisini kwangu kijana niliyemsimamia tasnifu yake ya uzamili, akaniaga. Amepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani, na kwa kuwa nami nilisoma huko alitaka nimpe maneno mawili matatu ya kuondokea. Nilimweleza habari za baridi, za maktaba zinazokesha, na za maprofesa wanaoheshimu saa kuliko vyeo. Aliandika yote katika daftari lake. Alipotoka nilibaki nikikitazama kiti alichokikalia, nikijua kwamba jambo kubwa sikumwambia.

Nilifika Berlin Oktoba 2015, nikiwa mhadhiri msaidizi mwenye mke, mtoto mmoja na suti moja. Visa vya mwanzo vilikuwa vya kuchekesha, ingawa mimi sikucheka. Benki ilinidai cheti cha anwani, na mwenye nyumba akanidai akaunti ya benki. Jumapili ya kwanza niliamka na njaa, nikatembea mitaa mitatu nikitafuta duka la vyakula. Yote yalikuwa yamefungwa, nami nikadhani taifa lina msiba, kumbe ndiyo sheria yao ya kila Jumapili. Siku chache baadaye nilinunua tiketi ya treni ya chini ya ardhi, nikaketi kwa fahari. Akainuka mtu aliyevaa kama abiria wengine, akanidai tiketi, akaigeuza, akaniambia kwamba sikuigonga muhuri katika mashine ya stesheni. Faini yuro 60. Nilimweleza kwa Kiingereza sanifu kwamba aliyenunua tiketi hawezi kuwa mwizi wa nauli, hoja ambayo hata leo naiona haina kasoro. Nililipa.

Kuna pia karatasi niliyoikuta imebandikwa mlangoni, yenye maandishi mazuri ya mkono, ikinikumbusha kwamba baada ya saa nne usiku watu hulala. Mama yangu alikuwa amenipigia simu. Mama anaamini kwamba sauti ya kufika Ulaya lazima isukumwe, nami nilimjibu kwa kiwango kilekile.

Haya huwa nayasimulia kwenye harusi na vikao, na watu hucheka. Nisilolisimulia lilianza Januari.

Posho yangu ya kujikimu ililipwa na taasisi ya nyumbani, kila baada ya miezi mitatu. Bumu, kama wanavyosema wanafunzi wangu, ingawa mhadhiri msaidizi huona aibu kuita hivyo. Januari haikuja. Niliandika barua pepe, nikajibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Februari niliandika tena, nikajibiwa kwa sentensi ileile, hata nukta ilikuwa mahali pale pale. Sheria ya Ujerumani wakati ule ilimruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 120 kwa mwaka, lakini mkataba wangu wa ufadhili ulinikataza kazi yoyote ya malipo. Ofisi iliyosahau kunilipa haikuwa imesahau kifungu hicho.

Sidhani kama kulikuwa na mtu mwovu katika ofisi ile. Nimekaa katika utumishi muda wa kutosha kujua kilichotokea: jalada lilisubiri saini, mwenye saini alikuwa safarini, na aliyekaimu hakutaka kujitia matatani. Ndugu mtumishi wa umma unayesoma hapa unalijua jalada la namna hiyo, pengine liko mezani kwako sasa hivi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jalada lile, nikihesabu viazi.

Nyumbani nilituma picha. Nilisimama mbele ya Lango la Brandenburg nikiwa na suti yangu, nikatabasamu. Mdogo wangu akajibu akiomba kompyuta mpakato.

Nilikaa Wedding, karibu na ule mtaa ambao barabara zake zimepewa majina ya kwetu: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Ilikuwapo pia Petersallee, iliyopewa jina mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 mamlaka zilitangaza kwamba jina hilo sasa linamheshimu Peters mwingine, na kibao kikabaki palepale. Mwaka 2024 ndipo sehemu yake moja ilipoitwa Maji-Maji-Allee. Mimi nilipita hapo kabla ya Maji Maji, na ni katika barabara ile nilipookota chupa yangu ya kwanza.

Kule chupa tupu ina bei. Ya bia, ya kioo, ni senti 8. Ya plastiki inayotumika mara moja, na kopo, ni senti 25. Unaitumbukiza katika mashine dukani, inakupa karatasi, unakwenda nayo kwa mtunza fedha. Nilikuwa nikitoka baada ya giza kuingia, na Februari giza la Berlin ni rafiki mwema, huingia mapema. Mzee mmoja Mjerumani mwenye koti safi na glavu alikuwa akipita njia hiyohiyo. Mwanzoni alinitazama kama mtu aliyeingiliwa shambani mwake. Baadaye alinionyesha kwamba watu wengine huziacha chupa chini, kando ya pipa, ili anayeziokota asilazimike kuingiza mkono. Alikuwa mstaafu. Sikuwa na neno la kumwamkia mtu wa umri wake kwa Kijerumani, na kila mara niliona nimemkosea adabu.

Ijumaa moja nilikuwa na chupa 14 za plastiki na 15 za bia. Yuro 4 na senti 70. Nilikuwa nimekwisha kuzitumia kichwani, mchele na mayai. Nikiwa mbele ya mashine, nyuma yangu ikasikika sauti:

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa binti niliyemfundisha mwaka wake wa kwanza chuoni, sasa akisoma uzamili katika jiji lile. Niliitikia marahaba nikiwa na kopo mkononi. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba jana tulikuwa na kijisherehe, watu wa idara.

Aliutazama mfuko wangu. Kisha akauinua wake, mkubwa kuliko wangu.

"Na mimi, mwalimu, huwa na sherehe kila Ijumaa."

Tulicheka hadi mtunza fedha akageuka. Usiku ule tulipika pamoja kwenye jiko la bweni lao, naye akanieleza kwamba posho yake ilikuwa imekwama tangu Desemba. Ofisi ileile, sentensi ileile.

Fedha ziliingia mwishoni mwa Machi, bila maelezo.

Jana jioni nilimpigia simu kijana wangu yule. Nilimwambia kuna jambo nililisahau: chupa za mvinyo mashine haizipokei, asijisumbue kuzibeba. Akanyamaza kidogo.

"Na za bia, mwalimu?"