Mwanya Ule wa Nyuma ya Televisheni

Televisheni zimefika sasa hata huku kwetu Mulenge, penye nyumba zilizo na umeme wa jua. Nyingi hupanda mlima kutoka Uvira, zikiwa zimevuka mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, au zimeshushwa melini Kalundu. Watu huzigeuza, hutazama mgongo wake, kisha hutuuliza sisi: huu mwanya mrefu mwembamba ni wa kazi gani? Si kwamba sisi ni mafundi. Ni kwa kuwa twaweza kusoma Kifaransa cha kile kijitabu kinachokuja nayo.

Karibu na mwanya huo mara nyingi yameandikwa maneno Common Interface, au herufi CI peke yake. Ukimulika ndani kwa tochi utaona sindano ndogo sana, 68 kwa jumla, zimepangwa safu mbili.

Asili yake ni Ulaya. Kampuni za televisheni ya kulipia hufunga picha zao kwa hesabu za siri, ili asiyelipa asione kitu. Ufunguo umo katika kadi. Kwetu kadi hiyo hutiwa katika kisanduku kiitwacho dekoda, nacho huifungua picha na kuipeleka kwenye televisheni kwa waya. Wenzetu wa Ulaya walitaka televisheni iweze kufungua picha yenyewe, bila kisanduku cha pembeni. Kanuni ya mwanya huo ikatolewa mwaka 1997, na mwaka 2002 sheria ya Umoja wa Ulaya ikaagiza kila televisheni ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na mlango wa namna hiyo. Basi nasi twaupata, ingawa hatukuuomba.

Lakini kadi haiingii humo yenyewe. Pana kitu cha katikati, kiitwacho moduli, kipana kama kadi na kinene milimita 5 hivi. Kadi huingia katika moduli, na moduli ndiyo inayoshika zile sindano. Na hapa pana mtego: upana wa kadi na upana wa moduli ni mmoja, kama milimita 54. Mwenye kuisukuma kadi tupu huiona yaingia vizuri, naye hudhani amepata.

Mwaka 2023 Baba Mtakatifu Fransisko, marehemu sasa, alifika Kinshasa tarehe 31 Januari. Kesho yake alisoma Misa kwenye uwanja wa ndege wa Ndolo, na baada ya adhuhuri akawasikiliza watu wa Mashariki walioumizwa na vita. Mama mmoja wa shirika letu, aliyempoteza mwanawe katika vita hizo, alitaka kuiona siku ile kwa macho yake. Watoto wake walichanga fedha wakanunua televisheni. Mwuzaji aliwaambia: tieni kadi hapa nyuma, dekoda ya nini tena? Wakatia, wakasukuma kwa nguvu, sindano zikapinda, kadi ikakwama. Mama alisikiliza redioni kwa jirani. Twasema wazi kwamba mwuzaji asiyejua kitu anachokiuza angenyamaza, maana fedha ile ilikuwa ya mihogo ya msimu mzima.

Hata mwenye moduli asikimbilie kulipa. Kadi nyingi zimefungamanishwa na dekoda moja tu, hazikubali kazi penginepo. Na dekoda nyingine hazina kadi kabisa. Tangu mwaka 2008 kuna pia namna mpya, CI+, ambayo moduli na televisheni hutambuana kwanza, hivyo televisheni ya zamani yaweza kuikataa moduli mpya. Tena tazama tundu la antena. Kwa televisheni za Ulaya, waya wa sahani ya setilaiti hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na ule wa antena ya kawaida husukumwa tu. Isiyo na tundu la kuzungusha haipokei setilaiti, na moduli haiwezi kuiongezea.

Mwenye dekoda yake aiunganishe kwa waya wa HDMI, au kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya manjano, naye ataona kila alicholipia. Kifuniko cha plastiki kilicho mdomoni mwa mwanya kiachwe mahali pake, kizuie vumbi na mende.