Vita Huingia kwa Mlango wa Jikoni

Nyumbani kwetu tuna desturi ya kutazama filamu moja kila Jumamosi jioni, baada ya chakula na kabla ya sala. Desturi hiyo ilianza watoto walipokuwa likizo. Tuliona ni heri tutazame pamoja kuliko kila mmoja kujifungia na simu yake. Kwa miezi kadhaa tumekuwa tukichagua filamu za vita na za familia zilizopita katika dhiki, na baadhi ya akina mama wenzetu wa usharika wametuuliza: watazame ipi sasa? Tutawajibu, lakini kwanza hatuna budi kusimulia yaliyotupata sisi wenyewe kwa filamu ya kwanza.

Katuni isiyo ya kitoto

Filamu hiyo ni ya Japani. Inaitwa Grave of the Fireflies, maana yake kaburi la vimulimuli, wale wadudu wa usiku wenye mwanga. Ilitengenezwa na Isao Takahata mwaka 1988. Kwa kuwa ni ya michoro, tulidhani itawafaa hata wadogo. Tulikosea, na tunawaonya mapema: mtoto wa chini ya miaka 12 asiitazame.

Seita ana miaka 14, na mdogo wake Setsuko ana miaka 4. Wanaishi mji wa Kobe mwaka 1945. Baba yao yuko vitani katika jeshi la majini. Ndege za Marekani zinamwaga mabomu ya moto, nyumba za mbao zinateketea, na mama yao anafariki kwa majeraha. Watoto wanakwenda kuishi kwa mama mmoja wa ukoo wao, wanayemwita shangazi.

Shangazi huyo si mtu mbaya siku ya kwanza. Anawapokea na kuwapa mahali pa kulala. Lakini chakula ni cha mgawo, na kila siku kinapungua. Anashauri kimono za marehemu ziuzwe ili upatikane mchele. Setsuko analia anapoona nguo za mama yake zinachukuliwa. Mchele unakuja, shangazi anatwaa sehemu yake, na baada ya muda wali unakwenda kwa binti yake na kwa mpangaji, kwa sababu hao wanafanya kazi. Wale yatima wawili wanapata uji mwepesi. Bomu halianguki katika sehemu hiyo ya filamu. Tunachoona ni upawa tu, unaochota juu kwa huyu na chini kwa yule.

Swali la jikoni

Hapo ndipo binti yetu aliposimama. Ni mtoto wa marehemu mdogo wetu. Ana miaka 14, naye yuko kwetu tangu akiwa na miaka 9. Alisema anakwenda kuosha vyombo, ingawa vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Tulipomfuata jikoni tulimkuta anasugua sufuria safi. Bila kugeuka akauliza:

"Mama mkubwa, cherehani ya mama iliuzwa shilingi ngapi?"

Tulikosa la kusema. Marehemu alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Baada ya matanga tuliiuza, tukauambia ukoo kwamba fedha ni za ada ya mtoto. Nusu ililipa ada kweli. Nusu nyingine ilinunua bati za jiko letu, maana mvua zilikuwa karibu. Tulijiambia kwamba tutarudisha mavuno yakija. Mavuno yamekuja mara tano tangu wakati huo.

Tukakumbuka na maneno yetu pia. Hatukuwahi kumnyima chakula wala kumpiga. Lakini ni mara ngapi tulisema mbele yake kwamba siku hizi kilo mbili za mchele hazimalizi siku? Ni mara ngapi, palipohitajika mtu wa kuchota maji gizani, jina lake lilitangulia kutoka midomoni mwetu? Mtoto aliyefiwa na mama yake husikia hesabu hata zile ambazo hazijatajwa.

Usiku ule tulimtajia kiasi chote, cha ada na cha bati. Alisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Nilitaka kujua tu." Kisha akaenda kulala. Sisi hatukulala.

Tulichojifunza kama wauguzi

Tuliimalizia filamu ile siku nyingine, watoto wakiwa shule. Wale wawili wanaihama nyumba ya shangazi na kwenda kuishi katika handaki kando ya bwawa. Setsuko anaota vipele, anaharisha, anadhoofu. Seita anampeleka kwa daktari. Daktari anamtazama, anasema ni utapiamlo, mtoto anahitaji lishe. Basi. Hana cha kumpa. Seita anapaza sauti: hiyo lishe ataipata wapi?

Sisi tulio wauguzi wa kliniki ya watoto tulijiona katika koti lile jeupe. Kwa miaka mingi tumewaambia bibi waliobeba wajukuu mgongoni: mpe mayai, mpe maziwa, mpe matunda. Tumeandika kwenye kadi, tukaita anayefuata. Ushauri ulikuwa sahihi, ila bibi hakuwa na kuku wala ng'ombe. Tangu siku ile tunauliza swali moja zaidi: "Jana nyumbani mlikula nini?" Jibu lake ndilo linalotuonyesha kama tumpeleke kwa afisa wa ustawi wa jamii, au kwa akina mama wa kikundi chetu cha kanisani, au kwa wote wawili.

Tulisoma baadaye kwamba filamu hiyo inatokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka, iliyotoka mwaka 1967. Mdogo wake wa kike alikufa kwa utapiamlo wakati wa vita ile, naye Nosaka alikiri kwamba chakula ambacho kingekuwa cha mtoto yule mara nyingine alikila yeye. Aliandika akiwa mtu mzima, akimwelekea mtu ambaye hawezi tena kumsikia. Sisi tulikuwa na bahati kumzidi. Tuliyemkosea alikuwa chumba cha pili, hai, na asubuhi angeamka kunywa chai nasi.

Filamu za kutazama baada ya hiyo

Sasa tuwajibu akina mama waliotuuliza. Tunazo tatu.

Ya kwanza ni Life Is Beautiful, ya Italia, mwaka 1997. Guido ni Myahudi mwenye duka la vitabu. Yeye na mwanawe mdogo wanapelekwa katika kambi ya mateso ya Wajerumani, na mkewe, ambaye si Myahudi, anadai naye apandishwe kwenye treni ileile. Ili mtoto asivunjike moyo, Guido anamwambia kwamba yote ni mchezo: atakayepata pointi 1,000 atashinda kifaru cha kweli. Roberto Benigni, aliyeiongoza na kuigiza kama Guido, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Watoto wa sekondari wanaweza kuitazama pamoja nanyi. Waulizeni: je, baba yule alimdanganya mtoto? Kwetu mjadala ulikuwa mkali. Sisi wazazi tulisema machache, kwa kuwa Guido alificha ukweli ili kumlinda mtoto, na sisi tulikuwa tumeuficha ili kujilinda wenyewe.

Ya pili ni Two Women ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1960. Mama mjane mwenye duka anakimbia mabomu ya Roma pamoja na binti yake na kurudi milimani kwao. Safari ya kurudi mjini inapoanza, wanajeshi wanawabaka wote wawili ndani ya kanisa lililobomolewa. Filamu haiishii hapo. Inakaa na ukimya wa binti na jinsi mama anavyoshindwa kumfikia. Sophia Loren alipata Oscar kwa kuigiza mama huyo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mwigizaji kupata tuzo hiyo kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Hii ni ya watu wazima peke yao. Na kama kati yenu yuko aliyepatwa na jambo kama hilo, msimlazimishe kutazama wala kusimulia.

Ya tatu ni Sometimes in April, ya Raoul Peck, mwaka 2005, nayo ilipigwa huko huko Rwanda. Inahusu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Augustin ni mwanajeshi Mhutu mwenye mke Mtutsi. Ndugu yake wa damu alitangaza chuki redioni. Miaka kumi baadaye Augustin anasafiri kwenda Arusha, ambako ndugu huyo yuko mbele ya mahakama. Sisi wakazi wa Arusha tuliizoea Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Iliundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, na kwa miaka mingi tulipita nje ya jengo lake tukienda sokoni. Filamu hii ilitukumbusha kwamba ndani ya jengo lile kulikuwa na watu wenye ndugu zao. Kabla ya kuionyesha katika kikundi, ulizeni kwanza kwa faragha. Huenda jirani yenu alivuka mpaka mwaka ule.

Namna ya kutazama

Someni habari za filamu kabla ya kuwaita watoto. Taa isizimwe yote, ili muonane nyuso. Mtoto akiinuka, msimwite arudi kuona mwisho. Mfuateni. Na filamu ikiisha, zimeni runinga mkae kidogo, kwa sababu swali lenye uzito mara nyingi huja wakati watu wanapokunja mkeka.

Nasi tumefungua daftari. Ukurasa wa kwanza una bei ya cherehani, na chini yake kiasi cha bati. Kila mwisho wa mwezi tunaweka fedha katika bahasha yenye jina la binti yetu, naye anatia sahihi. Mwezi uliopita alihesabu mara mbili, akatuambia tumezidisha shilingi elfu mbili, akaturudishia. Zimebaki awamu nne.