Kilichowaka Sange

Wasomaji wetu wa Uvira, wa Kiliba na wa bonde lote la Ruzizi hawana haja ya kukumbushwa habari ya Sange. Ijumaa jioni, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka upande wa Tanzania lilipinduka katika mji ule mdogo, penye njia kuu iendayo Bukavu. Esanse ikaanza kumwagika. Watu wakaja na ndoo, mabidoni na sufuria kuiteka. Wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, wala hawakuwa na shughuli na lori hilo. Askari wa Umoja wa Mataifa walijaribu kuwaondoa watu mahali pale, lakini hawakusikiwa. Kisha moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 200, na kati yao watoto wengi. Wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Mara nyingi tumesikia watu wakisema kwamba tamaa ndiyo iliyowaua. Sisi neno hilo hatulikubali. Yule aliyeketi kibandani akitazama mpira alikuwa na tamaa gani? Na mtoto aliyepewa ndoo na wakubwa wake? Katika nchi ambayo lita moja ya esanse inaweza kulisha nyumba siku nzima, kumwambia maskini asiinue kinachomwagika mlangoni pake ni maneno mepesi kwa aliyeshiba. Wengi wa watu wetu hudhani kwamba hatari iko ndani ya mafuta yenyewe, na kwamba asipokuwapo mtu wa kuwasha kibiriti karibu nayo, hapana neno. Dhana hiyo ni ya uongo, na kila mwalimu aweza kuionyesha kwa mshumaa mmoja.

Washeni mshumaa, mwache uwake vizuri, kisha mwuzime kwa pumzi. Mtaona moshi mweupe ukipanda kutoka utambini. Sogezeni upesi kibiriti kinachowaka kwenye moshi huo, juu kidogo ya utambi pasipo kuugusa. Mwali utaruka, utashuka kwa njia ya moshi na kuuwasha mshumaa tena. Michael Faraday, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, aliwaonyesha vijana jambo hilo huko London wakati wa Noeli ya mwaka 1860. Wanafunzi wetu hucheka kwa mshangao, nasi huwaacha wacheke kwanza. Halafu twauliza: ni nini kilichowaka? Si nta, maana kibiriti hakikuigusa. Ni mvuke wa nta.

Esanse nayo ni vivyo hivyo, ila ina tofauti moja ya kutisha. Nta hungoja kupashwa moto ndipo itoe mvuke. Petroli ya taa, ile ambayo Watanzania huiita mafuta ya taa, haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ifikie joto la nyuzi 38 hivi. Esanse hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mtu wa Tanganyika aliyepata kuiona. Basi katika joto la Ruzizi itakuwaje! Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi kama moshi wa jikoni, bali hushuka, hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, huingia mitaroni na kupita chini ya milango. Jiko la makaa lililo mbali na lori, au taa, au sigara ya mpita njia, laweza kuuwasha, na mwali ukarudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye lori, kama ulivyorudi kwenye utambi. Kwa hiyo waliokaa mbali hawakuwa salama.

Mvuke huo huwaka ukichanganyika na hewa kwa kadiri fulani tu: sehemu moja na nusu hivi katika mia, mpaka saba na kidogo. Ndiyo sababu pipa tupu la esanse ni la hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina nafasi ya hewa. Tupu lina hewa na mabaki ya mvuke. Mafundi wanaokata mapipa kwa moto ili watengeneze masufuria na walisikie hilo.

Liko na jambo la lugha, ambalo kwetu pwani ya ziwa si dogo. Sisi Wakongo tukisema petroli, twataka ile ya taa. Ndugu zetu wa Kigoma wakisema petroli, wanataka esanse. Bidoni likivuka ziwa na jina lake, mtu aweza kuimimina esanse katika karabai ya kuvulia ndagala au katika taa ya watoto wanaosoma usiku, ikalipuka usoni pake. Heri kuuliza: hii ni ya taa au ya pikipiki? Isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji, wala isilale chumba kimoja na jiko.

Esanse ikiwaka, msiimwagie maji. Yaelea juu yake na moto hutembea. Ikiwa ni kidogo, tupieni mchanga au ifunikeni kwa blanketi lililoloweshwa. Ikiwa ni nyingi, kimbieni. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Mawese, unga na dawa ya meno visipakwe: vinafunga joto ndani ya nyama, na mganga hulazimika kuviondoa kwanza, kwa uchungu mwingi.