Tanuri Langu la Bondeni

Mimi ni mkazi wa Nyololo, wilayani Mufindi, pale barabara ya kwenda Mgololo inapochepuka kutoka ile kuu ya TANZAM. Riziki yangu ni matofali. Mvua zikikoma mwezi wa tano nafyatua na kukausha, na zamani nilichoma Juni na Julai, baridi ikiwa kali. Tanuri nililipanga bondeni, jirani na vinyungu, yaani bustani za bondeni, kwa sababu ndiko kuliko na udongo mzuri na maji. Nilichomea mabanzi ya msonobari kutoka viwanda vya mbao, mara nyingi mabichi, maana hayo ndiyo ya bei nafuu.

Watu wa bondeni wakikohoa nilisema ni baridi. Mama yangu mzazi akikohoa nilisema ni baridi na umri. Hewa chafu kwangu ilikuwa habari ya Dar es Salaam. Huku kwetu kuna milima, misitu ya Sao Hill na upepo. Nani angeugua kwa hewa ya Mufindi? Sikumtakia mtu mabaya. Sikuona tu, na kutoona huko kulinijazia mfuko.

Karibu na tanuri aliishi bibi mmoja na mjukuu wake. Julai moja mtoto alishikwa na nimonia, nikawapeleka zahanati kwa pikipiki yangu. Muuguzi aliuliza mtoto analala wapi, chakula kinapikwa wapi, na kama kuna kitu kinachowaka karibu na nyumba. Alieleza kwamba nimonia huletwa na vijidudu, lakini mapafu yanayovuta moshi kila siku hayana nguvu ya kupambana navyo. Bibi alisimulia jiko lake la mafiga na mlango anaoufunga usiku kwa ajili ya baridi. Kuhusu tanuri hakusema neno, nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Alfajiri nilipanda mlimani. Moshi wa tanuri langu ulipanda kupita mapaa kidogo tu, ukasimama kama umegonga dari, kisha ukatandaa na kujaza bonde lote. Pale juu nilipokuwa anga lilikuwa jeupe, na baridi ilikuwa ndogo kuliko bondeni. Jambo hilo lilinishangaza mno.

Mwalimu mmoja wa jiografia ndiye aliyenifungua macho. Usiku wa kiangazi, anga likiwa halina mawingu, ardhi hupoteza joto upesi. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama bondeni, na juu yake hukaa hewa yenye uvuguvugu. Moshi haupiti hapo mpaka jua lipashe ardhi. Ifikapo Septemba na Oktoba upepo huvuma zaidi, ingawa unakuja na vumbi la barabara na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mvua za Novemba ndizo zinazoosha hewa. Kumbe mimi nilichagua miezi ile ile ambayo bonde haliwezi kupumua! Akaniambia pia kwamba chembe mbaya zaidi za moshi ni nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, ndiyo maana zinafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani peke yake ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Ningependa kusema niliacha siku hiyo. Sikuacha. Nilikuwa nimekwisha kupokea malipo ya awali, na mwaka uliofuata nikachoma tena bondeni nikijiambia ni mara ya mwisho. Kama nawe uko hapo, ndugu yangu, unajua jambo na mkono unakataa kulitii, napafahamu mahali hapo.

Bibi ndiye aliyenifuata. Nilidhani anakuja kunigombeza. Akasema, "Mwanangu, kule mgongoni mwa mlima nina kipande, mahindi hayakubali lakini upepo unapita. Hamishia kazi yako huko." Nilimwomba radhi. Akasema mtoto amepona, tumshukuru Mungu. Hakutaja kodi.

Kuhama hakukuwa rahisi. Nafyatua bondeni bado, kisha matofali makavu yanapandishwa kwa mkokoteni, na faida imepungua. Mabanzi nayaanika muda mrefu kabla ya kuyatumia. Nachoma mwishoni mwa Agosti, jua likiwa limepanda, baada ya kufyeka na kusafisha pande zote, maana misonobari haiko mbali na cheche haina huruma.

Kwa mama nimetoboa dirisha jikoni na kumjengea jiko banifu lenye bomba la moshi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami nauombea ufike na huku kwetu, kwa sababu mtungi wa gesi tunao lakini mama huutumia kwa chai tu. Kuujaza ni ghali. Bado anakohoa, ila usiku analala.

Mwaka jana nilimpelekea bibi pesa ya kile kipande. Alizirudisha. Akaomba matofali ya jiko jipya, lenye madirisha mawili, na hayo ndiyo ninayoyapanga tanurini wiki hii.