Joker Sebuleni kwa Bibi Harusi



Siku tatu kabla ya nikaha ya mdogo wetu, sisi dada zake wawili tulikwenda Fuoni kutandika nyumba. Mapazia tunayo, udi tunao, mashuka tumeshayafukiza. Kufungua mlango wa sebule, tukamkuta mwanamme wa nusu mita kasimama juu ya kabati: koti la zambarau, nywele za kijani, uso mweupe kama chokaa, anacheka meno yote nje. Mkono kaunyoosha, kashika karata.

Mmoja wetu alisema A'udhu billahi. Mwengine alisema litupwe kabla mama hajafika.

Bwana harusi tukampigia simu, akaja mbio. Ni Joker, akatwambia, adui wa Batman katika vitabu vya katuni vya Marekani, yupo tangu 1940. Shemeji yetu alifanya kazi Dubai miaka minne, akilala chumba kimoja na wanaume watano, na sanamu hii aliinunua kwa dirhamu 2,200 alizoziweka kidogo kidogo. Hapo tukashusha sauti. Fedha hiyo kwetu ni friji.

"Sasa mbona hukuchukua huyo Batman, aliye mwema?" tukamuuliza.

"Batman kajifunika uso, dada zangu. Kwa Joker, uso ndio kazi yote ya fundi."

Tukasema basi, tuithamini kwanza, tusije tukatupa mali ya watu kwa hasira. Akatuonesha yeye mwenyewe. Si plastiki, ni resini iliyochanganywa na unga wa mawe, ndiyo maana nzito vile, na ikianguka haipindi, inavunjika. Chini ya kitako ina namba yake, kwa sababu hutengenezwa idadi maalumu kisha basi. Wanunuzi hutazama namba hiyo, hutazama rangi ya macho na midomo kama imepakwa kwa mkono safi, hutafuta nyufa kwenye viungo, na huuliza sanduku lake la asili na povu lake jeupe la ndani. Bila ya sanduku bei inaporomoka. Jua nalo ni adui, linaufanya weupe uwe manjano, na sisi hapa tuna jua na chumvi ya bahari juu yake. Ya kwake ilikuwa nzima, na sanduku lipo. Ndani ya povu kulikuwa na kichwa cha pili, kilichofumba mdomo. Vichwa vinashika kwa sumaku. Unavua kimoja, unavika chengine. Sisi tulishapiga hesabu: iuzwe kwa watu wa huko huko Ghuba, inunuliwe friji, mambo yaishe.

Jioni tukapita kwa mwalimu wetu wa madrasa, bibi aliyetufundisha Juzuu Amma. Alitusikiliza bila kucheka. Picha za karatasi na za simu, akasema, wanazuoni wamekhitalifiana, lakini sanamu kamili ya kiumbe, yenye kivuli, wengi wao wameikataza, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa malaika hawaingii nyumba yenye masanamu. Tukamwambia labda ni mchezo tu, Bi Aisha (R.A.) si alikuwa na watoto wake wa kuchezea?

"Hii ikianguka, mwenyewe atacheka au atalia?"

"Atalia, mwalimu."

"Basi si mchezo huo."

Na kuiuza? Akatukumbusha Hadithi ya Jabir, ambamo biashara ya masanamu imetajwa pamoja na ulevi na nguruwe. Friji yetu ikayeyuka pale pale mkekani. Kisha akatuhadithia namna Jibril (A.S.) alivyosita kuingia nyumbani kwa Mtume kwa ajili ya sanamu iliyokuwa mlangoni, akaagiza ikatwe kichwa ibaki kama umbo la mti. Sisi wawili tukatazamana. Vichwa vya sumaku!

Tulirudi tumejaa hoja. Tulitaka mdogo wetu aliweke kama sharti: sanamu itoke, ndipo nikaha isomwe. Naye yumo ndani anasuguliwa singo, simu kashikiwa sikioni. Akakataa. Alisema hataki mumewe aingie katika ndoa akiwa kashaaibishwa na mashemeji juu ya kitu alichokinunua kwa upweke wake. Akatukumbusha pazia la Bi Aisha lenye picha: halikuishia jaani, lilikatwa likawa mito ya kuegemea. "Niachieni, nitasema naye mwenyewe."

Tuseme kweli, tuliudhika. Sisi ni wakubwa, na tulikuwa na dalili mkononi. Lakini tulifunga milango, tukarudi.

Walichozungumza hatukijui. Wiki ya pili baada ya harusi tulikwenda kuwaangalia, tukapelekewa chai na vitumbua. Juu ya kabati kulikuwa na koti la zambarau lisilo na kichwa, na shemeji alipotuona tunalitazama alisema kwa sauti ndogo kwamba sasa halina bei, hakuna anayelitaka. Hakulia, ila hakucheka pia. Mdogo wetu alimmiminia chai yake kabla ya yetu. Vile vichwa viwili vimekwenda wapi hatukuuliza. Ile karata imetolewa mkononi, na pale kidoleni wamening'iniza funguo za nyumba.