Kwa Baisikeli Hadi Thimlich Ohinga

Atakaye kuziona nchi za Migori na Homa Bay kwa utulivu na asafiri kwa baisikeli, tena pamoja na wenzake. Kutoka mji wa Migori hadi Thimlich Ohinga ni kilomita 46 hivi, upande wa kaskazini-magharibi. Hapo zasimama kuta zilizojengwa yapata karne ya 16, nyingine zikipita mita 4 kwenda juu, wala hazikushikwa kwa udongo wala chokaa: mawe yamepangwa nje na ndani, na madogo yakajazwa katikati. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia. Mgeni asizipande, kwani jiwe moja likiteguka, mengine hufuata.

Kaskazini, katika bonde la Lambwe, iko Hifadhi ya Ruma, makao ya korongo, mnyama wa jamii ya swala aliyebaki kwa uchache sana nchini Kenya. Humo wamo nyati pia. Kwa hiyo wapanda baisikeli na waulize askari langoni kwanza.

Kundi la wasafiri nalo ni kama ukuta ule. Mwendo wake ni wa aliye nyuma, na aliyepasukiwa na mpira hungojwa na wote.